Mafuta ya karafuu na fangasi: kulipia kipimo cha kijiduara au cha visima 96?

Mtengenezaji wa sabuni au mafuta ya kupaka yenye karafuu akitaka kujua kama bidhaa yake inazuia fangasi, kwa kawaida maabara humpa vipimo viwili achague. Kimoja ni cha kijiduara cha karatasi juu ya agari (jeli ya kuoteshea fangasi), ambacho ni rahisi, hakichukui muda, na humwachia picha ya kuvutia ya kuonyesha wateja. Kingine ni cha visima 96, yaani vishimo vidogo kwenye sahani moja, chenye kazi nyingi zaidi, na ripoti yake ni jedwali la namba tupu. Kwa mafuta ya karafuu, pesa iende kwenye visima.

Tuanze na kijiduara. Fangasi, mara nyingi Candida albicans, hupakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton iliyoongezwa glukosi asilimia 2 na methilini bluu kidogo. Juu yake huwekwa karatasi ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 6 iliyoloweshwa mafuta, kisha sahani hukaa kwenye nyuzi joto 35 kwa saa 20 hadi 24. Eneo ambalo fangasi hawakuota hupimwa kwa rula. Njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya dawa za fangasi kama flukonazoli, ambayo huyeyuka majini na kusambaa vizuri ndani ya agari. Yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, haipendi maji. Sehemu yake hung'ang'ania kwenye karatasi, nyingine hugeuka mvuke na kujaa chini ya kifuniko. Kwa hiyo milimita 22 za karafuu na 15 za mafuta mengine hazisemi yapi yana nguvu zaidi. Huenda zinasema tu yapi yalitembea. Na ripoti ikiandika milimita 7, kumbuka 6 kati ya hizo ni karatasi yenyewe. Kipimo hiki kinafaa kuchuja sampuli nyingi ili kupata chache za kuendelea nazo, basi.

Visima hujibu swali lenyewe: ni kiasi gani kidogo kabisa cha mafuta kinachozuia fangasi kuota? Kiwango hicho ripoti hukiandika MIC. Sahani ina safu 8 na nguzo 12. Nguzo 10 za kwanza hubeba mafuta yanayopunguzwa nusu kwa nusu: asilimia 1, 0.5, 0.25, na kuendelea. Nguzo ya 11 ina fangasi bila mafuta, na ya 12 ina chakula cha fangasi peke yake. Chakula hicho ni kimiminika kiitwacho RPMI 1640, kilichotulizwa kwa kemikali ya MOPS ili kibaki kwenye pH 7.0, si asidi wala magadi. Fangasi jamii ya hamira, kama Candida, hulinganishwa kwanza na ukungu wa McFarland 0.5 (kipimo sanifu cha ukungu wa kimiminika), yaani seli milioni 1 hadi 5 kwa mililita, kisha hupunguzwa mara 50, halafu mara 20. Wakichanganywa nusu kwa nusu na mafuta kisimani, hubaki seli 500 hadi 2,500 kwa mililita. Hatua hii ndiyo ya kuulizia kwanza. Seli zikizidi mno, mafuta mazuri huonekana dhaifu. Zikipungua mno, hata mafuta hafifu huonekana dawa.

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, takriban gramu 1.04 kwa mililita. Yasipochanganywa sawasawa huzama na kutulia chini ya kisima kama kitone cheupe, mahali pale pale ambapo fangasi walioota hutulia. Msomaji asiye makini ataandika kwamba fangasi wameota. Dawa yake ni kiyeyushi cha kuchanganya mafuta na maji, yaani Tween 80 kidogo au DMSO isiyozidi asilimia 1, na lazima kuwe na kisima chenye fangasi na kiyeyushi hicho bila mafuta. Ripoti isiyotaja kisima hicho irudishwe. Tatizo la pili ni mvuke: kutoka kisima cha asilimia 1 huingia kwa jirani na kumzuia naye. Sahani ifunikwe kwa utando unaobana, na sampuli mbili tofauti zisikae safu zinazopakana.

Kwa rojo la majani, tuseme ya mwarobaini, shida ni rangi, kwani ukungu wa fangasi hauonekani ndani ya ukijani. Maabara nyingi huongeza resazurini, ambayo ni buluu na hugeuka waridi fangasi wakiwa hai. Lakini rojo lenyewe laweza kuigeuza rangi bila fangasi yeyote, hivyo panahitajika kisima cha rojo na resazurini pekee.

Chagua fangasi anayelingana na lebo yako. Bidhaa ya choa au mapunye ipimwe kwa Trichophyton au Microsporum, ambao huhitaji takriban siku 4 au zaidi badala ya 1. Ya mba ipimwe kwa Malassezia, na huyu haoti kwenye RPMI ya kawaida kwa sababu anahitaji mafuta katika chakula chake. Cheti cha Candida hakisemi lolote kuhusu mba.

Sampuli nayo ina masharti. Mafuta ya maua makavu, ya makonyo (vikonyo vya maua) na ya majani yote yana yujenoli nyingi, lakini si kitu kimoja. Ukinunua ya makonyo, kama yale yanayokamuliwa Wawi, Pemba, andika makonyo kwenye fomu. Peleka kwenye chupa ya kioo cheusi iliyojaa hadi shingoni, na usikubali yachemshwe kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu), kwa sababu harufu itakayotoka ndiyo dawa yenyewe. Sabuni iliyokamilika iende pamoja na sabuni ile ile isiyotiwa karafuu. Povu na ukali wa magadi peke yake huweza kuwazuia fangasi, na bila sabuni tupu ya kulinganisha karafuu itasifiwa kwa kazi isiyo yake.

Ripoti ya kulipia inaonyesha marudio yasiyopungua matatu, pamoja na flukonazoli dhidi ya Candida parapsilosis ATCC 22019, fangasi wa kuhakiki kipimo, ambaye baada ya saa 24 anatakiwa kuzuiwa kati ya mikrogramu 0.5 na 4 kwa mililita. Namba hiyo ikitoka nje ya mipaka, kazi ya siku hiyo yote irudiwe. Omba pia visima vilivyobaki safi vipandwe kwenye agari ya Sabouraud, jeli nyingine ya kuoteshea fangasi, bila mafuta. Wakiota huko, mafuta yaliwasimamisha tu, hayakuwaua, na neno "huua fangasi" liondoke kwenye lebo kabla haijachapwa.