Kitabu cha rangi za udongo cha Munsell: tathmini kutoka kwenye mashimo ya morena

Kitabu cha rangi za udongo cha Munsell kina kurasa ngumu zilizobandikwa vipande vidogo vya rangi, na karibu na kila kipande pana tundu ambalo mtumiaji hushika bonge la udongo nyuma yake ili rangi hizo mbili zionekane bega kwa bega. Nimekitumia kwa miaka kadhaa, hasa katika kueleza udongo tifutifu uliotokea juu ya morena, yaani malundo ya mawe, mchanga, silti (chembe za ukubwa wa kati ya mchanga na mfinyanzi) na mfinyanzi ambayo barafuto (mito ya barafu inayosogea polepole) ziliyasukuma, zikayasaga, kisha zikayaacha zilipoyeyuka. Kwa udongo wa namna hii sijakutana na kifaa cha mkononi kinachoamua mengi zaidi, na kwa sababu hiyo kasoro zake nazo zinafaa kusemwa waziwazi.

Mfumo wenyewe, uliobuniwa na Albert H. Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, ni rahisi kujifunza. Katika alama 10YR 4/3, herufi na nambari zilizotangulia hutaja ukoo wa rangi, uliopo kati ya manjano na nyekundu. 4 ni kiwango cha mwangaza, nambari ikipungua giza linaongezeka. Na 3 ni ukolezo, ambao ukishuka hadi sifuri hubaki kijivu kitupu.

Thamani ya kitabu inaonekana pale mpaka wa uainishaji unapopita kati ya kipande kimoja na kinachofuata. Chukua udongo wa aina tatu unaopatikana katika majimbo ya Iowa na Minnesota nchini Marekani, kwenye mabaki ya ulimi wa barafuto unaoitwa Des Moines: Clarion, Lester na Hayden. Yote mitatu imetokana na mabaki ya barafuto yenye chokaa, na yote huwekwa katika kundi la tifutifu laini, lenye mfinyanzi wa asilimia 18 hadi 35. Clarion ulikua chini ya nyasi ndefu, ukapata tabaka la juu nene na jeusi, hivyo ni Molisoli, daraja la udongo wa nyika za nyasi katika uainishaji wa Marekani. Hayden ulikua chini ya msitu, na tabaka lake jembamba la juu limelalia lingine lililopauka. Huo ni Alfisoli, daraja ambalo udongo wa msituni kama huu huwekwa. Lester umesimama katikati, Alfisoli wenye dalili za Molisoli. Mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo unataka tabaka la juu la Molisoli liwe na mwangaza usiozidi 3 likiwa na unyevu na usiozidi 5 likiwa kavu, na ukolezo usiozidi 3, pamoja na masharti ya unene, kaboni na besi (madini kama kalsiamu) ambayo jicho haliwezi kuyapima.

Nakumbuka bonge moja nililolitoa sentimita 15 chini ya uso, kwenye bega la kilima cha morena kilicholimwa muda mrefu. Nililivunja kwa vidole badala ya kulikata, kwa maana kisu hupaka mfinyanzi usoni mwa bonge na kuficha rangi ya ndani. Nililinyunyizia maji mpaka rangi ikaacha kubadilika, nikasubiri mng'ao wa maji uishe, nikasoma 10YR 3/3. Laiti ningeishia hapo, ningeandika kwamba rangi imetimiza sharti. Kesho yake bonge lile lile, likiwa kavu juu ya karatasi, lilisomeka 10YR 6/3, na tabaka hilo likaondoka katika hesabu ya Molisoli. Kwa hiyo namsihi kila anayekinunua kitabu hiki asome rangi mara mbili, mbichi na kavu, hata kama jua linazama na shimo linangoja kufukiwa.

Chini zaidi, kitabu husaidia kusoma mwendo wa maji. Mabaki yaliyogandamizwa na uzito wa barafuto huwa mazito kiasi kwamba maji husimama juu yake majira ya mvua, chuma huhama, na kwenye udongo wa kahawia hutokea madoa ya kijivu yenye ukolezo wa 2 au chini, yakizungukwa na madoa ya rangi ya kutu. Kina ambacho madoa hayo yanaanzia kinaweza kubadilisha jina la udongo. Lakini kitabu kinakuambia kwamba doa ni la kijivu tu. Hakikuambii kama ukijivu huo umeletwa na maji au umerithiwa kutoka kwenye mwamba uliosagwa. Mgumu zaidi ni udongo wa eneo la barafuto iliyotoka upande wa ziwa Superior, ambao wekundu wake umetokana na mawe mekundu ya bonde lile na huweza kuzificha dalili za maji kwa mtu anayetegemea rangi peke yake.

Vilevile, kitabu hakigusi umbile la chembe, na hapo ndipo wanaoanza hukosea. Udongo ukiitwa tifutifu kwa umbile lake, tofauti na lile kundi la tifutifu laini, maana yake una mfinyanzi wa asilimia 7 hadi 27, silti ya 28 hadi 50, na mchanga usiozidi 52. Weusi wake hausemi lolote kuhusu viwango hivyo, ambavyo hutafutwa kwa kuukanda udongo mkononi na hatimaye kwa kipimo cha maabara.

Kuhusu uimara, vipande huchafuka upesi kuliko ninavyopenda. Niliwahi kuazima nakala ya zamani ambayo ukurasa wake wa 10YR ulikuwa umepakwa alama za vidole vya tope, na kipande cha 4/3 kilikuwa kimegeuka giza hadi kukaribia 3/3. Kwa udongo wa mpakani, kosa hilo linatosha kuhamisha shamba zima kutoka daraja moja hadi jingine. Mwanga nao una neno: jua la asubuhi na la jioni huongeza wekundu, na miwani ya giza haifai kabisa. Kamera za simu, ambazo wengi wanazipendekeza, kila moja hurekebisha rangi kwa namna yake, nami bado siziamini kwa uamuzi wa nusu hatua.

Ninakipendekeza kwa yeyote anayeeleza udongo wa morena kwa dhati. Mara nyingi kazi hiyo itaishia kwenye kurasa za 7.5YR, 10YR na 2.5Y, pamoja na ukurasa wa rangi za kijivu-kijani kwa mashimo ya mabondeni. Basi hizo ndizo za kukagua dukani chini ya mwanga wa jua kabla ya kulipa, na ufute mikono kabla ya kuzifungua.