Simu ya taslimu, ya mkopo au ya mkataba: ninavyozipanga kwa anayenunua 2026

Muuzaji wa simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, atakutajia kamera ya megapikseli 50, betri ya mAh 5000 na GB za kuhifadhi kabla hujafungua mdomo. Atakalolinyamazia ni mwaka ambao kampuni iliyotengeneza simu hiyo itaacha kuipelekea masasisho. Mimi ningeanza na hilo. Kisha ningeuliza la pili: nikishaondoka nayo, nani mwingine anaweza kuifunga?

Maswali hayo mawili yameshikana kuliko yanavyoonekana. Simu ya mkopo huja na programu ya mkopeshaji ndani yake. Simu iliyofungwa mtandao hufanya kazi kwa ruhusa ya mtandao ulioiuza. Na mwenye simu ya namna hiyo akienda kwa fundi kuvunja kufuli, mara nyingi kinachofuata ni simu ambayo hathubutu kuisasisha tena, maana kufuli linaweza kurudi.

Tuseme kwanza kwa nini masasisho yana thamani ya fedha. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro ya Android iliyopewa jina la Stagefright, ambayo ilimwezesha mhalifu kuishambulia simu kwa kuipelekea tu ujumbe wa picha au video. Tangu hapo Google hutoa viraka vya usalama, yaani masasisho madogo ya kuziba kasoro, karibu kila mwezi. Kiraka kikitoka, kasoro iliyozibwa inajulikana na kila mtu, wezi wakiwemo, na simu isiyokipata inabaki wazi. Humo ndimo ilimo M-Pesa yako na programu ya benki. Halafu programu zenyewe huwaacha nyuma wenye mifumo ya zamani: Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus, kwa sababu haziwezi kufika mfumo wa iOS 15.1.

Nisitie chumvi lakini. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauzuiwi na kiraka chochote. Huo unazuiwa na wewe mwenyewe.

Namna yangu ya kulinganisha ni hesabu ya darasa la nne: chukua bei yote utakayolipa, igawe kwa miezi ya masasisho iliyobaki kuanzia leo. Ahadi ya kampuni ihesabu tangu simu ilipozinduliwa, kwa sababu ahadi ya miaka minne kwenye simu iliyokaa sokoni miaka miwili ni ahadi ya miaka miwili. Tuseme simu moja ni 300,000 na imebakiza miezi 12. Kila mwezi wa usalama unakugharimu 25,000. Nyingine ni 360,000 na imebakiza miezi 60. Kila mwezi ni 6,000. Ile uliyoiona ya bei chee ndiyo ghali.

Nafasi ya kwanza: simu mpya, taslimu, isiyofungwa, na laini ya vocha

Kwa watu wengi hii ndiyo ya kununua, na soko limebadilika kwa faida ya mwenye kipato cha kawaida. Zamani masasisho ya miaka mingi yalikuwa ya simu za mamilioni. Google ilitangaza miaka saba ilipotoa simu yake ya Pixel 8 Oktoba 2023, Samsung ikafuata na Galaxy S24 Januari 2024. Kisha habari njema ikashuka chini: Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024 ilikuja na ahadi ya miaka sita, na A07 na A17 za 2025 zikapewa miaka hiyohiyo sita. A07 ni simu ya chini kabisa kwenye orodha hiyo. Kwa hesabu yangu hakuna inayoikaribia kwa unafuu wa bei.

Ila tazama toleo. A07 yenye GB 64 na RAM ya GB 4 itachoka kabla ahadi haijaisha. Masasisho makubwa yanataka nafasi, na kundi moja la WhatsApp la familia linatosha kuijaza hiyo nafasi kwa mwaka. Ongeza kidogo upate GB 128, hata kama itabidi kusubiri mwezi mmoja zaidi.

Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zina betri nzuri, vioo vikubwa, na mafundi wake wamejaa kila mtaa. Kwenye masasisho ndiko zinakoachwa. Infinix Note 40 ilitoka na ahadi ya matoleo mawili ya Android na viraka vya miaka mitatu, na hiyo si ya tabaka la chini la kampuni. Ukishuka kwenye simu zao za bei ndogo, mara nyingi hutaona ahadi yoyote iliyoandikwa. Ukizipenda, zinunue, lakini bei iwe chini kiasi cha kulingana na muda utakaokaa nazo.

Faida ya laini ya vocha ni uhuru. Bando likipanda, unahamia kwingine siku hiyohiyo, na tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba. Nafasi ya laini mbili inakusaidia kuwa na mtandao mmoja wa pesa na mwingine wa intaneti, kama tunavyofanya karibu wote. Kikwazo ni bando lenyewe: sasisho kubwa linaweza kufika GB kadhaa, na mwenye kununua MB mia tano kwa siku ataliahirisha mpaka asahau. Lipakue kwenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni. Viraka vya kila mwezi ni vidogo zaidi na havina haja ya kusubiri.

Nafasi ya pili: simu kubwa iliyotumika

Zinazoitwa za Dubai hapa Dar, au ex-UK ukifika Luthuli Avenue, Nairobi. Kamera na kasi yake huwezi kuzipata kwenye simu mpya ya bei hiyo. Hatari ni kalenda. Galaxy S21 ya Januari 2021 ilikuwa na viraka vya miaka mitano, maana yake muda umekwisha. S22 inafika mwanzoni mwa 2027, S23 mwanzoni mwa 2028, na S24 ndiyo inaruka mpaka 2031. Pixel 7 inakwenda mpaka Oktoba 2027, Pixel 8 mpaka Oktoba 2030. Apple haipangi tarehe waziwazi kama hao, lakini historia yake inasomeka: iPhone XR ya 2018 ilifikia iOS 18 na haikupata iOS 26 iliyofuata mwaka 2025, wakati iPhone 11 iliipata. Ningeanzia iPhone 12 kwenda juu.

Kuhusu Pixel nina angalizo. Mwaka 2025 Google ilituma sasisho la lazima lililopunguza uwezo wa betri kwenye Pixel 4a, na baadaye kwenye Pixel 6a zilizochajiwa mara nyingi, kwa sababu ya hatari ya kupata joto kali. Fidia na ubadilishaji wa betri vilipangwa kwa wateja wa nchi ambazo Google inauza simu zake rasmi, na sisi hatumo. Kwa hiyo 6a niliyoletewa mezani kwa bei tamu ningeirudisha.

Kabla hujatoa hela, bonyeza *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ilinganishe na ya kwenye boksi, na uitume kwa SMS kwenda 15090 upate jibu la TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, hivyo si jambo la kudharau. Kisha mwambie muuzaji airudishe simu kwenye hali ya kiwandani, yaani aifute kila kitu, mbele yako, na uiwashe ikiwa imeunganishwa na intaneti. Hapo ndipo ukweli hutoka: akaunti ya iCloud au ya Google ya mwenye mali wa zamani itadai nywila, au utaona maandishi kwamba simu inasimamiwa na kampuni fulani. Muuzaji akikataa kuirudisha kiwandani, ondoka, hata akikuita bosi mara kumi.

Nafasi ya tatu: mkopo wa kulipa kidogo kidogo

Kenya ndiko ulikopata umaarufu mkubwa, hasa Safaricom ilipoungana na Google mwaka 2020 kuanzisha Lipa Mdogo Mdogo, mteja akilipa shilingi 20 kwa siku. Sasa upo kila kona. Unatoa kianzio, unaondoka na simu, na usipofanya marejesho simu inajifunga. Kufuli hilo limeingizwa ndani ya mfumo wenyewe: Samsung ina Knox Guard, Google ina programu yake ya kufunga vifaa vya mkopo. Kurudisha simu kiwandani hakuliondoi.

Sisemi ni wizi. Dereva wa bodaboda anayepata wateja kwa programu hawezi kungoja miezi minane akusanye hela. Lakini piga hesabu mbele ya wakala, kwa kalamu. Simu ya 360,000 taslimu, ukiambiwa kianzio 60,000 na 1,500 kila siku kwa mwaka mzima, inakuwa 607,500. Umeongeza 247,500. Kama una mchezo kazini au SACCOS, omba zamu yako iwe mapema, ununue taslimu.

Ukishindwa kabisa kuukwepa mkopo, shika sharti moja: siku ya rejesho la mwisho, simu iwe imebakiza angalau miaka miwili ya masasisho. Ukimaliza deni, hakikisha kufuli limeondolewa na upate uthibitisho kwa maandishi, kwani bila huo hutaweza kuiuza kwa bei ya maana.

Laini ya kulipa mwisho wa mwezi

Hii ningeichukua kama mwajiri analipa. Vinginevyo naipita.

Nafasi ya mwisho: simu ya mkataba kutoka ng'ambo

Shemeji yuko Marekani, anakwambia nakutumia iPhone. Shukuru, halafu muulize: umeimaliza kulipia? Kule mitandao kama AT&T na Verizon hugawa bei ya simu kwa miezi 36, na simu ya AT&T ambayo haijamalizwa kulipwa haifunguliwi itumike mtandao mwingine. Ikifika Dar, inasema laini haikubaliki. Fundi atakuwekea kile kikadi kidogo chini ya laini kinachoudanganya mfumo, itashika mtandao, na atakuonya usisasishe. Hapo umepata simu ya Apple, kampuni inayosifika kwa masasisho, na huwezi kuyagusa.

La pili la kumuuliza: ni iPhone 14 au zaidi iliyouzwa Marekani? Hizo hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Nenda kwanza duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, uulize kama wanakutolea eSIM kwa namba yako ya sasa, na itakuwaje siku utakapotaka kuihamishia simu nyingine. Wakisita kukujibu, mwambie shemeji atume hela.