Huduma ya Kupanga Ramani ya Klabu ya Padeli: Vipimo Sahihi, Njia Finyu

Kampuni niliyoipa kazi ya kupanga ramani ya klabu yangu ya padeli, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi ila huchezwa ndani ya uwanja wenye kuta za kioo, ilinikabidhi michoro ya mwisho baada ya marekebisho matatu, na kwa kuwa klabu imekwisha kufunguliwa, naweza kuipima huduma hiyo kwa yale ninayoyaona kila jioni viwanjani. Wanaujua uwanja wa padeli barabara. Klabu yenyewe, yaani watu wanaoingia, wanaosubiri na wanaotoka, hawakuifikiria mpaka nilipowasukuma.

Nianze na sifa wanazostahili. Kila uwanja una mita 20 kwa 10 zikipimwa ndani ya kuta, na viwanja vyote vimeelekezwa kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji usoni. Hilo ni jambo zito katika mchezo ambao mpira hurushwa juu kila mara na mchezaji hulazimika kuinua macho. Viwanja vitatu vina paa, nalo waliliinua hadi mita 8, ingawa kanuni zinakubali mita 6 kuwa kima cha chini. Gharama iliongezeka, nami nilinung'unika wakati ule, lakini leo sijutii hata kidogo, kwa kuwa mpira unaogonga paa huharibu mchezo na huwafukuza wachezaji wazuri.

Jambo lililonivutia zaidi lilikuwa njia ya huduma nyuma ya viwanja. Kipande kimoja cha kioo cha ukuta kina upana wa karibu mita 2 na kimo cha mita 3, na kikiwa na unene wa milimita 12 hufikia uzito wa kilo 180 hivi. Wapangaji wale waliacha njia ya mita 3 kutoka lango la magari hadi nyuma ya kila uwanja, na kioo cha kwanza kilipopasuka mafundi walikifikisha kipya kwa mkokoteni bila kung'oa uzio wala kufunga uwanja wa jirani.

Kasoro kubwa ilikuwa katika nafasi kati ya uwanja na uwanja. Mchoro wa kwanza ulipanga viwanja 8 katika safu mbili za viwanja vinne vinne, huku uwanja ukitenganishwa na mwenzake kwa mita moja na nusu tu. Kwenye karatasi mpango huo unapendeza, kwa sababu mwenye klabu huhesabu viwanja kama mkulima anavyohesabu mashina ya migomba. Lakini milango ya uwanja wa padeli iko pembeni, katikati ya upande mrefu, karibu na wavu. Maana yake ni kwamba ule ujia mwembamba ndio njia ya kuingilia ya wachezaji wa viwanja viwili, na ndiyo pia nafasi anayoikimbilia mchezaji anapotoka nje ya uwanja kuuokoa mpira uliopita juu ya ukuta. Kanuni zinataka nafasi iliyo wazi ya angalau mita 2 kwa upana kila upande kabla mchezo wa nje haujaruhusiwa. Katika ujia wa mita moja na nusu, anayekimbia kwa nguvu zake zote atamkumba anayepita na mkoba begani, na huyo hatakuwa na pa kukwepea.

Nilipowaeleza hayo walijibu kwamba klabu nyingi hujengwa hivyo. Ni kweli, lakini jibu hilo halikunitosha. Tulikubaliana kubaki na viwanja 7: safu moja ya viwanja vitatu vilivyotengwa kwa mita 4, ambako mchezo wa nje unaruhusiwa na mashindano hufanyika, na safu ya pili ya vinne iliyobaki kama ilivyokuwa, ambako mchezo wa nje umekatazwa. Mita zilizosalia mwishoni mwa safu ya kwanza zimekuwa baraza yenye kivuli, na sasa ndipo watu wanapopenda kukaa.

Kosa la pili linafanana na la kwanza. Kila uwanja huchezewa na watu wanne, na zamu zetu ni za dakika 90. Zamu zote zikianza kwa wakati mmoja, watu 28 wanatoka wakati 28 wengine wanaingia, na wote 56 walipangiwa kupita mlango mmoja mbele ya meza ya mapokezi. Tuliongeza mlango wa kutokea upande wa maegesho, na safu ya pili huanza nusu saa baada ya ya kwanza. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe kwa kalamu, ilhali ningetarajia kuikuta kwenye ripoti niliyoilipia.

Vyumba vya kubadilishia nguo navyo viliwekwa nyuma ya ukuta wa kioo wa uwanja mkuu, mahali ambapo mtazamaji huuona mchezo vizuri kuliko popote. Tulivihamisha bila ubishi.

Ningewapa kazi tena? Ndiyo, kwa vipimo, misingi, mifereji ya maji na taa ningewaamini nikiwa nimefumba macho. Anayetaka kuwaajiri awadai, kabla ya mchoro wa kwanza, karatasi moja inayoonyesha mwendo wa watu wakati wa kubadilishana zamu, uwanja kwa uwanja na mlango kwa mlango, na asikubali idadi yoyote ya viwanja kabla ya kuiona. Mimi niliidai baada ya mchoro wa pili, na kwa kuchelewa huko nililipia marekebisho mawili zaidi.