Fundi fremu wa Memorial Moshi: mkono wake dhahabu, Ijumaa yake usiiamini

Naandika hii mana kila anayekuja kwangu ananiuliza ile khanga ya ukutani nimenunua wapi, na jibu ni kwamba sijanunua, khanga ni ya bibi, nilicholipia ni fremu na ufundi tu. Fundi mwenyewe jina silitaji, ukisoma hadi mwisho utaelewa, ila ni mmoja wa hawa mafundi fremu wa pande za Memorial hapa Moshi, kibanda cha mabati, mbao za saiprasi zimeegeshwa mlangoni, redio inaongea mpira kutwa nzima.

Kwanza niwape picha ya nyumba. Nimepanga Rau, vyumba viwili na sebule, kuta krimu, vigae vyeupe vya kuteleza, juu jipsam yenye zile taa za rangi rangi ambazo aliyeziweka naona alikuwa anawaza baa. Nyumba nzuri, sikatai. Tatizo ukiingia kwangu na ukiingia kwa jirani ni kitu kilekile, kochi la kijivu, kapeti la manyoya, saa kubwa ya vioo vioo, maua ya plastiki kwenye kona. Siku moja shoga yangu akaweka status picha kapiga sebuleni kwa watu nikamuuliza we umekuja kwangu saa ngapi mbona hukuniambia. Kumbe kwa jirani!

Nikaanza na wolpepa, zile za kubandika zenyewe, nikaagiza mtandaoni kwenye duka moja la Dar, elfu 85 ikaenda. Zilikaa vizuri mwezi wa kwanza, wa pili. Masika ilipoanza, na nyie mnajua masika ya Moshi ilivyo, ukuta ukavuta unyevu, kona zikaanza kujikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni, mwisho nikavuta na ikatoka na rangi ya mwenye nyumba. Mambo ya mwenye nyumba tuyaache hapo.

Sasa Desemba nikapanda kijijini kwetu Kibosho kama kawaida yetu, bibi akafungua sanduku lake la bati akitafuta kitu kingine kabisa, nikaiona khanga. Nyekundu iliyoiva, pindo nyeusi, mji, yani pale katikati, una makorosho, na jina limeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Ilikuwa doti ila kipande kimoja kilishaisha zamani kwa kubebea watoto mgongoni, baba yangu akiwa mmojawapo, kimebaki kimoja. Nikamwomba. Akanipa, akanipa na kata ya babu ya kunywea mbege, ile yenye mpini mrefu, ya mti imeshakuwa nyeusi kwa kushikwa. Nilipomwambia nataka kuvitundika ukutani aliniangalia weee, akasema "Mjukuu wangu, kata inatundikwa jikoni ikishaoshwa, sebuleni inaenda ikiwa na pombe."

Basi nikashuka na mzigo wangu nikaenda kwa fundi. Hapa ndo kazi inapoanza.

Cha kwanza nilichompendea, hakukimbilia mkasi. Wengi niliowauliza kabla yake walisema tunakata kipande chenye maneno, kinachobaki utashona mto. Huyu akaitandaza mezani, akafuta mikono kwanza kwenye suruali, akasema "Dada, hii haikatwi, tunaikunja nyuma." Yani sehemu unayotaka ionekane inakaa mbele, iliyobaki yote inakunjwa taratibu nyuma ya hadibodi, siku ukiichoka unaitoa ikiwa nzima unajifunga. Akaniambia pia tusipige pini za stepla kwenye kitambaa, zinashika kutu na kutu inaacha madoa ambayo hayatoki, tuishonee kwa uzi kwenye kitambaa cheupe cha nyuma halafu hicho cheupe ndo kipigwe pini. Na kioo kisigusane na khanga, anaweka vijiti vyembamba pembeni kama nusu sentimita hivi pawe na nafasi, mana unyevu ukiingia kitambaa kinagandia kioo. Ukiwa na picha za zamani za studio hilo lijue, ndo mana nyingi ukizitoa kwenye fremu zinabaki nusu kwenye kioo.

Nikamlipa advansi elfu 30, akasema njoo Ijumaa.

Ijumaa nimeenda, umeme ulikatika. Ijumaa ya pili simu haipokelewi, kibanda kimefungwa, wa jirani yake anayeuza vitasa akasema kaenda msibani. Ya tatu nikamkuta, anacheka, fremu ipo tayari imefunikwa na gazeti. Akafunua.

JAPO SIPATI TAMAA.

Nikasoma tena. Nikamuuliza fundi, sikati iko wapi? Akasogea, akasoma kwa kidole, kimya. Redio nayo ikanyamaza nadhani. Kumbe kilichotokea ni hivi, mimi nilimwambia sitini nikimaanisha urefu wa kwenda juu, yeye akachukua sitini pande zote, na hiyo sitini ni ya nje, mbao inakula inchi moja na nusu kila upande, ndani inabaki kama sentimita 52, wakati jina lenyewe lina 70. Akaanzia kushoto likaishia lilipoishia. Khanga yenyewe inasema sikati na yeye kakata hapohapo kwenye sikati, nilikuwa nimekasirika kweli ila nilicheka mpaka nikakaa kwenye stuli. Yeye hakucheka sana.

Kwa kuwa ile ya kukunja nyuma aliifanya kweli, khanga haikuwa imedhurika hata uzi mmoja. Akaifumua mbele yangu, akapima upya, safari hii nikaandika mwenyewe kwa kalamu kwenye mbao: nje 90 kwa 60. Akaniongezea elfu 10 tu ya mbao na kioo, ile fremu ya kwanza akasema ataiuza kwa mtu mwingine. Jumla ikawa elfu 65. Kwa Moshi sio bei ya chini, fremu za kichina za dukani zipo mpaka za elfu 15, ila zile ni plastiki na hakuna atakayekushonea kitambaa.

Ubora sasa. Kona za fremu nimepitisha kucha, haipiti, zimekatwa zikakutana sawasawa. Mbao kaipiga msasa halafu vanishi ya kutong'aa mara mbili, nilimwambia sitaki ing'ae kama jeneza. Nyuma kaziba na karatasi ya kaki kuzuia vumbi na wadudu. Waya wa kutundikia ni wa chuma sio kamba ya katani. Kwa kazi ya mkono simuoni wa kumfikia mtaa ule.

Alikuja kutundika mwenyewe na drili yake, hiyo ilikuwa ndani ya bei. Na hapa tulibishana tena. Mafundi wetu wote, na wazazi wetu pia, picha wanaiweka juu karibu na dari, tena wanailaza mbele kidogo kama inakuchungulia, ukitaka kuiona mpaka shingo iume. Nikamwambia shusha. Akashusha kidogo. Shusha tena. Nilimshusha hadi katikati ya fremu ikawa kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, akasema "Dada hapa watoto wataishika." Nikamwambia waishike, mbona baba yangu aliikojolea. Akachimba, fisha namba nane, zile plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani, skrubu mbili sio moja, ukuta wangu ni bloku na fremu ina uzito wake. Nikachagua ukuta usiopigwa na jua la jioni kabisa, jua linapausha khanga haraka kuliko sabuni.

Ilivyokaa pale, mengine yote yakaonekana hayana kazi. Ile saa ya vioo nikampa dada wa kazi aende nayo kwao. Kata ya babu nikaitundika pembeni ya fremu kwa msumari mmoja, haijafungiwa kwenye kioo, naishusha napangusa vumbi narudisha. Maua ya plastiki nikatoa, nikaweka isale kwenye ndoo ya rangi niliyoizungushia kamba ya katani, mche nilichomoa kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo huko juu, bure. Ambao sio wa huku, isale kwetu ndo mti wa kuombea msamaha, mtu akikukosea akaja na jani la isale unatakiwa usamehe. Fundi alipoiona pale kwenye kona akasema "Dada, hii uliniwekea mimi?" Kwakweli ile Ijumaa ya pili angekuja na jani moja tu ningemaliza mambo.

Na kitu ambacho kimebadilisha sebule kuliko vyote baada ya khanga kimenigharimu elfu 5, balbu. Nilikuwa na zile nyeupe za hospitali, ukisoma boksi zimeandikwa 6500K, usiku wote tunaonekana tumetoka kuchangia damu. Nikabadilisha nikaweka ya 3000K, ile mwanga wake kama wa kibatari, nyekundu ya khanga ikawaka. Zile taa za baa nimezichomoa waya, mwenye nyumba asome hii asisome.

Mito ya kochi nimetafuta mtumba hapohapo Memorial, mapazia mazito ya zamani ya kitani wanauza kwa kipande, ukienda asubuhi wakifungua belo unapata vizuri, mimi nilipata la kijani iliyokolea kwa elfu 7 likatoa foronya nne. Fundi cherehani wa pembeni kanishonea elfu 2 kila moja. Hao hawana stori, ulichotaka wanakupa siku hiyohiyo.

Kuna watakaosema mbona usinunue mchoro wa Tingatinga, si vipo vingi Arusha na hapa mjini. Navipenda, mzee Edward Saidi Tingatinga alivyoanza kule Dar mwaka 1968 alichorea hadibodi hizihizi na rangi za baiskeli, kitu cha maana kimetoka hapo. Ila twiga yule wa machweo yupo hotelini, yupo kwa mganga wa meno, yupo airport KIA. Hawezi kuniambia chochote kuhusu kwetu.

Kwa hiyo alama zangu: ufundi tisa kwa kumi, bei saba, lugha yake kwa mteja tisa, ahadi mbili, na hizo mbili ni kwa sababu mwisho wa siku alikuja. Ukienda andika vipimo mwenyewe kwenye karatasi, ndani na nje, kwenda juu na kwenda pembeni, usiseme kwa mdomo. Usilipe yote. Nenda mchana sio asubuhi, kabla ya saa nne hafungui. Na kama kitambaa chako kina maneno, msomee kwa sauti mpaka neno la mwisho.

Juzi nimempelekea picha ya harusi ya wazazi, ile nyeusi na nyeupe, imeanza kuliwa pembeni. Ameniambia niifuate Ijumaa. Sijamuuliza Ijumaa ya lini.