Vyama vya Wafanyakazi wa American Airlines: Ada Yao Ililipa?

Mwanachama hukatwa ada kila mwezi, kwa hiyo chama chake kinastahili kupimwa kama huduma nyingine yoyote ya kulipia. Kampuni mama ya shirika hilo la ndege la Marekani, AMR, ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 29, 2011, na miezi michache baadaye kutangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi wapatao 13,000, vyama vitatu, cha marubani, cha wahudumu wa ndege na cha mafundi na wafanyakazi wa huduma za uwanjani, havikubaki kulalamika tu. Aprili 2012 vilikwenda kwa mshindani, US Airways, vikaafikiana nao masharti ya mikataba kabla uongozi wa AMR haujakubali kuungana. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipa alama za juu kabisa, kwani ni nadra mfanyakazi kumchagulia mwajiri wake mchumba.

Marubani walisuasua. Agosti waliikataa ofa ya kampuni, mwezi uliofuata jaji akaruhusu mkataba wao ufutwe, na safari zikaanza kuchelewa huku kampuni ikidai kwamba marubani wanaripoti kasoro ndogo za ndege kwa wingi usio wa kawaida, jambo ambalo chama chao kilikanusha. Abiria aliyekwama uwanjani hakunufaika na mabishano hayo. Desemba waliridhia mkataba uliowapa pia sehemu ya hisa za kampuni mpya.

Pensheni zilisitishwa kukua, ingawa hazikufutwa. Muungano ulikamilika Desemba 9, 2013. Kwangu, nyota nne kati ya tano.