Wikendi ya wawili ukiwa unaishi Dodoma: nimezipanga kuanzia inayostahili hela yako

Kwanza tuelewane. Hapa naongelea wikendi ya watu wawili, Ijumaa jioni mpaka Jumapili, watoto wamebaki kwa bibi yao, mnataka kulala, kula vizuri, kuongea na kutembea kidogo basi. Siongelei fungate wala safari ya mbuga. Mi nililetwa Dodoma na ule uhamisho wa serikali kama wengine wengi, nikaja nikazoea, na sehemu zote nitakazozitaja hapa nimeenda na baba watoto kwa hela ya mshahara, sio kwa posho ya semina, kwahiyo kila elfu kumi iliyotoka niliiona inavyotoka.

Zamani nilikuwa nachagua kwa picha. Naona bwawa la kuogelea la bluu, kitanda kimetupiwa maua, natuma hela ya buking. Tunafika bwawa halina maji na maua ni elfu thelathini ya ziada. Siku hizi nahesabu masaa tu. Ukifunga mlango wa kwako Ijumaa jioni mpaka uufungue Jumapili jioni ni masaa 48. Toa ya barabarani, toa ya kulala kwa kuchoka (sio kulala kwa raha, hizo ni mbili tofauti), toa ya kugombana na risepsheni, yanayobaki ndo uliyonunua. Ukipiga hesabu hivyo Zanzibar inajitoa yenyewe, treni mpaka Dar, kulala Dar, boti asubuhi, mnafika Jumamosi mchana na Jumapili mnarudi na joto na uchovu, iacheni ya likizo.

Namba moja ni Morogoro, kwa treni. Nasema kwa treni makusudi maana kwa gari ingeshuka mpaka ya tatu huko. Ni kama kilomita 260 kwa barabara, basi linakula masaa manne na zaidi, malori kibao, na kama mnaendesha wenyewe mmoja wenu hajaenda kupumzika, ameenda kuwa dereva. Toka SGR, hii treni ya umeme, ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mambo yamebadilika kabisa, kama masaa mawili tu mpo Moro, wote mmekaa, hakuna anayeangalia tochi za trafiki. Ukikaribia Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki network inakata, na nakwambia ukweli hapo ndo baba watoto aliweka simu chini akaniuliza habari za kazini kwangu, kitu ambacho hajauliza tangu mwaka juzi. Milima inaanza kuwa ya kijani, kwa sisi tuliozoea vumbi na mibuyu ile kijani peke yake ni nusu ya dawa.

Tiketi kata kwenye simu, namba ya kitambulisho iwe tayari, na mwende mapema maana kuna ukaguzi wa mizigo kama eapoti, wanafunga geti na hawana huruma hata ulie. Na kumbuka stesheni ya SGR ya Dodoma sio ile ya mkoloni ya katikati ya mji, na ya Morogoro iko Kihonda nje ya mji, kwahiyo weka hela ya bajaji au teksi pande zote mbili. Watu wanasahau hii wanabaki wanabishana na dereva usiku na mabegi chini.

Ukifika Moro, mji kasoro bahari wenyewe, chagua chumba upande wa mlimani, sio upande wa barabara kuu ya Dar. Bei zinafanana ila huku unaamshwa na ndege huku unaamshwa na honi za mabasi. Jumamosi asubuhi kama miguu inaruhusu pandeni Uluguru mpaka Morningside, ile nyumba ya enzi za Mjerumani, ni kupanda kweli ila mji wote unauona chini na hewa ni baridi safi, chukueni kijana wa kuwaongoza mkubaliane bei kabla hamjaanza kutembea. Kama hamtaki jasho nendeni Rock Garden chini ya mlima, mnakaa mnasikiliza maji yanavyopita kwenye mawe, mtu anawaletea chakula, saa zinaenda zenyewe. Ubaya wa Moro ni joto na mbu. Iko chini sana kuliko Dodoma, ukitoka huku na sweta lako la Julai kule linakuwa mzigo. Chumba bila neti na feni usichukue hata kama ni bei ya kutupa.

Kosa letu kubwa tulilifanyia Morogoro hukohuko, hoteli siitaji. Chumba kizuri, kitanda sita kwa sita, mashuka meupe, tumelipa siku mbili mbele. Saa mbili usiku Jumamosi nasikia spika zinajaribiwa, moja mbili, moja mbili. Kumbe chini yetu kuna ukumbi na siku hiyo kuna sendofu. Emsii alikuwa na sauti kama ameajiriwa kututafuta sisi, mpaka saa sita na nusu tunawajua shangazi wote wa bibi harusi na kila mmoja katoa nini. Baba watoto mwishoni akasema tushuke tukale keki. Toka siku hiyo swali langu la kwanza nikipiga simu sio bei, nauliza ‘mna ukumbi? Jumamosi hii una shughuli?’ Akisita tu nakata.

Namba mbili utacheka, ni Dodoma hapahapa. Ndio, mnalala hoteli kilomita nne toka nyumbani. Masaa ya barabarani ni dakika kumi za bajaji, kwahiyo katika yale 48 mnabaki nayo karibu yote, na ile nauli mliyookoa inapandisha daraja la chumba. Kilichoninyima kuiweka namba moja ni kwamba akili haitoki mjini kirahisi, mnakutana na bosi wako kwenye chai ya asubuhi, na mkiwa Area C au Kisasa jirani anaona gari lenu hotelini basi Jumatatu mtaa mzima una stori.

Ila siri ya Dodoma ni kalenda. Hoteli za huku zimezoea wageni wa posho, bei zao zinafuata vikao. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, humo ndani chumba kizuri ni cha kugombania na hakuna anayekusikiliza ukiomba punguzo. Mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni, nako hivyohivyo. Ukikwepa hizo, ukaja wikendi isiyo na kikao wala mkutano mkuu wa chama chochote, unapiga simu unaongea na meneja mwenyewe, unamwambia mimi mkazi wa hapa, nataka siku mbili, nipe bei ya mwisho. Mi nimewahi kushushiwa laki na hamsini mpaka laki moja na chai ya watu wawili ndani, na sikuwa hata nabembeleza sana.

Hiyo chai ya watu wawili iwe midomoni mwako kabisa. Hoteli nyingi za huku zina akili ya mgeni wa semina anayelala peke yake, chumba kina kitanda kikubwa ila chai ni ya mtu mmoja, asubuhi mnafika mezani mnaambiwa wa pili alipie. Sio hela nyingi ila inaharibu asubuhi, mtu anakula mayai huku amenuna. Uliza pia maji ya moto, maana Juni na Julai baridi la Dodoma alfajiri sio la kuogea maji ya ndoo, na uliza jenereta liko upande gani, nisikudanganye umeme ukikata usiku chumba cha jirani na jenereta ni adhabu.

Kama kinachowatafuna ni kelele tu basi fikirieni nyumba za wageni za mashirika ya dini, Dodoma zipo za kutosha, safi, kimya, bei haipandi hovyo, chakula cha kawaida kizuri. Hakuna muziki wala mishumaa na vitanda vingine ni viwili vidogo vimetenganishwa kabisa, uliza kabla. Tulikivuta kimoja usiku, kililia kama treni ya mizigo.

Jumamosi ya Dodoma ina kitu ambacho miji mingine haina, mnada wa Msalato. Toka mjini unachukua barabara ya Arusha, sio mbali. Sio sehemu ya kuvaa nyeupe, kuna vumbi na ng'ombe na mitumba na kelele, lakini nyama ya mbuzi unachagua mwenyewe, inachomwa unaiona, mnakula kwa mikono na ndizi na pilipili, na sijui kwanini ila mimi naona pale ni mapenzi kuliko meza yenye glasi tatu tatu na weita anayenong'ona. Nendeni saa saba, saa tisa muwe mmerudi mkaoge mlale. Jioni mkitaka kutoka tena kuna kuku wa Chako ni Chako mjini, au mkanyooshe miguu Nyerere Square mkapige picha kama vijana. Msimu wa zabibu ukiwa umefika, na huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nunueni kwa akina mama wa barabarani mkale kitandani. Mvinyo wa Dodoma nao upo madukani, ule mtamu unapanda taratibu halafu ghafla, msije mkasema sikusema. Kama mnaingia na chupa yenu hotelini ulizeni kwanza, kuna sehemu wanakutoza hela ya kuifungua.

Namba tatu Iringa. Kwa uzuri wa mji ningeiweka juu kabisa, ile baridi, vile vilima, mji mdogo unaotembeka kwa miguu, kupanda jiwe la Gangilonga jioni mkaangalia taa zinawaka moja moja. Mkahawa wa Neema Crafts kahawa yao nzuri na wanaohudumia wengi ni watu wenye ulemavu, mimi nilijifunza kuagiza chai kwa ishara pale. Isimila ni kama kilomita ishirini toka mjini kwenye barabara ya Mbeya, zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji na mvua, nendeni asubuhi kabla ya jua. Lakini kufika ndo kazi. Ni kilomita 260 na kitu toka Dodoma, lami nzuri, mnapita Mtera kwenye bwawa mnanunua samaki wa kukaanga dirishani, halafu mnapanda kona za Nyang'oro na kama ni usiku dereva anakuwa hana mazungumzo kabisa. Kwenda na kurudi ni masaa manane au tisa kati ya yale 48. Kwahiyo Iringa nunua pale sikukuu inapoangukia Ijumaa au Jumatatu, zikiwa siku tatu inaruka mpaka namba moja bila ubishi. Wikendi ya kawaida hapana. Beba sweta, sio fasheni ni sweta.

Namba nne Singida. Barabara haina kona, imenyooka, kama kilomita 240. Mna ziwa Singidani na Kindai karibu kabisa na mji, mawe makubwa yamepangana kama yamewekwa na mtu, jua likizama pale majini ni la kukaa kimya, na kuku wa kienyeji wa Singida hahitaji mimi kumsifia. Vyumba ni nafuu kuliko Dodoma. Ila upepo! Na mkishakaa ziwani jioni mkala kuku Jumapili asubuhi mnaangaliana mnaulizana sasa tufanye nini. Kwa wanaopenda kulala tu ni sawa kabisa.

Kondoa sijaipa namba kwasababu watu wanaipanga kama sehemu ya kulala na mimi naona ni safari ya siku moja. Michoro ya miambani ya Kolo iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni ya kuona angalau mara moja, lami inakufikisha mpaka Kolo ila kuanzia pale mnalipia kiingilio ofisini mnapewa mwongozaji na njia ya kwenda kwenye mapango inataka gari la juu, halafu kupanda kwa miguu kwenye mawe. Baba watoto alipanda na kandambili, alishuka na moja. Ondokeni Dodoma saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi mrudi jioni, mlale kwenye ile hoteli yenu ya namba mbili.

Bajeti yetu sisi kwa Morogoro huwa ni laki nne, chumba siku mbili, tiketi, bajaji, chakula, na elfu hamsini inakaa pembeni haitajwi mpaka Jumapili. Kwa Dodoma laki tatu inatosha na inabaki. Hela ya chumba usitume yote, tuma ya usiku mmoja, ingine lipa ukishaona maji yanatoka. Na treni ya kurudi Jumapili jioni kata siku ileile unayokata ya kwenda, maana nusu ya wizara zinarudi nayo Dodoma, ukisubiri mpaka Jumapili mchana utarudi na basi umekaa siti ya nyuma katikati.