"Mwambie fundi wako aje mwenyewe": mchoro nyota tano, ngozi sijui niipe nini

Nianze na mchoro, maana nikianza na duka lililoniuzia ngozi nitatukana na hamtafika mwisho.

Mchoro ni wa maua, wa kuchonga kwenye ngozi. Fundi mmoja wa Marekani ameutoa bure kwa yeyote anayejifunza. Sisi tuko saba, wengi wetu tunashona makobazi na mikoba hapa Dar, tukakubaliana kila mtu auchonge huo huo mmoja, kisha tukutane tuweke vipande mezani tuone mkono wa nani umefika wapi. Wazo zuri sana. Ukichonga ua lako peke yako kila siku unajiona bingwa. Weka ua lile lile mara saba mezani ndipo utajua nani anaharakisha na nani anaogopa kisu.

Mtindo wenyewe unaitwa Sheridan, kwa jina la mji mdogo wa jimbo la Wyoming, nchi ya ng'ombe na farasi. Aliyeupa sura tunayoijua leo ni fundi wa matandiko ya farasi aliyeitwa Don King. Si yule Don King wa ngumi aliyewapeleka Ali na Foreman Kinshasa mwaka 1974, msinichekeshe, huyu alipigana na ngozi tu. Utamu wake uko kwenye vikonyo. Vinazunguka duara, ndani ya kila duara kuna ua, na duara moja linazaa jingine, maua yamebanana mpaka nafasi iliyobaki nyuma yake ni ndogo mno. Ukitazama haraka unaona fujo. Fuata kikonyo kimoja kwa kidole, hukuti mahali kinapokatika. Nilikaa nacho hicho kidole kama mtoto anayesoma alifu. Mimi nimekulia Unguja, milango ya nakshi nimeipita kila siku nikienda shule, nikadhani ua la kuchonga linanijua. Halinijui.

Haya, duka.

Kazi hii haikubali ngozi yoyote ile. Inataka iliyosindikwa kwa magome ya miti. Ukiilowesha inavimba kidogo, inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, unaikata kwa kisu kile chenye shingo inayozunguka, unalaza upande mmoja wa mstari kwa kugonga na chuma, ua linanyanyuka, na ikikauka inabaki hivyo hivyo. Iliyosindikwa kwa kromu, yaani dawa ya chumvi za metali, ni nzuri kwa mikoba na viatu vya juu, laini, haiogopi maji, na ndiyo iliyojaa sokoni kwa sababu inakamilika haraka. Lakini nakshi haishiki. Hilo nilikuwa nalijua kabla sijapanda daladala. Nalisema mapema ili mtu asije akaniambia nilienda sijajiandaa.

Nilifika Kariakoo siku moja ya jua kali, sikumbuki hata ilikuwa Jumanne au Jumatano. Jina la duka silitaji, lipo tu kwenye ile mitaa ya vifaa vya viatu, na wanaonunua gundi na zipu huko watalitambua. Kaka wa kaunta alikuwa na simu. Nikamsalimia, akaitikia kwa nyusi. Nikamwonyesha gombo la rangi ya kahawia, unene kama milimita tatu, nikamuuliza, "Kaka, hii imesindikwa kwa magome au kwa kromu?"

"Ya ng'ombe hiyo, dada."

"Najua ni ya ng'ombe. Nauliza imesindikwa na nini, nataka kuichonga."

Hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza. Akanitazama kuanzia ushungi hadi viatu, makobazi niliyoshona mwenyewe, mkanda kwa mkanda, akasema: "Dada, ngozi ni ngozi. Mwambie fundi wako aje mwenyewe tuelewane, mambo ya kutumana haya yanaleta lawama."

Fundi wangu!

Nilikuwa na rangi ya ngozi kwenye kucha zote kumi. Kidole gumba cha kushoto kina kovu la kisu ambalo hata mwanangu huliuliza. Kwenye mkoba nilikuwa na msumari wa inchi sita niliousugua kwa tupa wiki nzima mpaka ukawa chuma cha kugongea nafasi za nyuma ya maua, na nilikuja nao makusudi nijaribu kwenye ukingo wa ngozi. Sikuutoa. Hiyo ndiyo inayoniuma. Ningeutoa, nikaugonga mara moja tu pale pale kwenye kaunta yake, hii hadithi yote isingekuwepo. Badala yake nikasema "sawa kaka", nikalipa, pesa ya oda mbili nzima za makobazi, nikaondoka nimebeba gombo kama niliyetumwa kweli.

Usiku nikakata kipande, nikapaka maji kwa sponji. Maji yakakusanyika matone matone, yakaviringika kama juu ya jani la mgimbi, yakaanguka mezani. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikajiambia labda imepakwa mafuta, nikailoweka kwa nguvu, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki ilale. Asubuhi nikaigusisha shavuni, maana ngozi iliyo tayari inakuwa na ubaridi kidogo na rangi yake imeanza kurudi. Nikapitisha mchoro kwa kalamu iliyoisha wino. Mistari ilionekana kwa shida.

Kisu kikaingia. Nikakata petali ya kwanza, nikageuka kutazama nyuma ya kisu: mdomo wa mkato umejifunga. Ni kama kukata mpira wa ndala. Nikachukua chuma, nikagonga ukingoni, tak tak tak, petali ikanyanyuka, nikafurahi. Nikapiga funda moja la chai. Nilipotazama tena, palipobonyea pamejaa, ua limelala bapa kama halijawahi kuguswa. Nikagonga tena. Likajaa tena. Nilikaa nikitazama ngozi inapumua.

Na unajua nilimlaumu nani? Mkono wangu. Nikanoa kisu upya kwenye kadibodi yenye ile dawa ya kijani ya kunolea, ambayo, kwa taarifa yenu, ndani yake mna kromu, na ndiyo kromu pekee ninayoitaka kwenye meza yangu. Nikagonga kwa nguvu zaidi mpaka nikatoboa petali mbili. Siku tatu hivyo. Nikamaliza kwa ukaidi.

Siku ya kukutana tukaweka vipande saba mezani. Sita vilikuwa na makosa ya kibinadamu, huyu kaenda mbio kwenye kikonyo, yule mbegu za katikati kazimwaga kama mchele. Changu kilikuwa alama ya ua, kama kitu kilichokanyagwa na tairi kikapona. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Mmoja akanishika bega akasema, "Usijali shoga, mkono utazoea." Mimi! Ninayeshona miaka tisa! Nikatabasamu, nikaenda chooni kuosha uso.

Aliyenifungua macho ni babu mmoja fundi viatu jirani yetu Temeke, anayekaa chini ya mwembe na kisanduku chake. Nilimpelekea kile kipande nimwonyeshe kama kichekesho. Hata mchoro hakuutazama. Akakata ukingo kwa kisu, akanipa: nje kahawia, katikati kijivu cha kuelekea bluu, mstari mzima, kama mkate uliooza ndani. "Umeuziwa ya mikoba, mama," akasema. Akakata uzi mwembamba akauwashia kiberiti, ukanuka nywele, ukaacha jivu la kijani-kijani. Halafu akawasha kipande cha ngozi ya soli kutoka kwenye kisanduku chake: kikawa cheusi pembeni, kikagoma kushika moto vizuri, basi. "Hii ndiyo ya magome." Sekunde kumi. Somo ambalo yule kaka angeweza kunipa bure kama angeinua uso kwenye simu.

Kinachonichoma zaidi: magome yenyewe ni ya kwetu. Miti ya miwati imejaa Njombe, magome yake yanachemshwa kutoa dawa ya kusindikia ngozi na dawa hiyo inasafirishwa nje. Ngozi yake niitafute Kariakoo kwa tochi, niambiwe nimtume fundi.

Babu alinipa mabaki matatu ya soli, pesa akakataa, akaniomba nimchongee mwanawe mkanda siku moja. Ngozi ya soli ni ngumu, nililowesha mara mbili, mkono ukauma. Lakini maji yaliingia! Yalizama kama kwenye mchanga, rangi ikawa nzito, na kisu kilipopita mdomo wa mkato ulibaki wazi ukinitazama. Nikagonga. Nikanywa chai. Nikatazama. Petali imesimama. Nikamwita mwanangu aje aone, akaja, akasema "ua", akarudi kwenye katuni zake.

Sasa kuhusu mchoro kuna jambo, na hapa nyota tano zangu ziliyumba. Chini ya ua kubwa vinakutana vikonyo vitatu, na nafasi katikati yao ni kama punje ya mchele. Msumari wangu haukuingia. Siku mbili nilimsema yule Mmarekani: anatoa mchoro wa wanaojifunza, halafu anaweka mtego. Nikataka kuandika nyota tatu. Ndipo nikaona pembeni ya karatasi kuna mstari wa kupimia, umeandikwa inchi moja. Nikaupima kwa rula. Haukufika. Kijana wa steshenari alipochapisha aliubana mchoro utoshee kwenye karatasi, umepungua wote. Kwa hiyo hata siku ile mezani ua langu lilikuwa dogo kuliko ya wenzangu, hakuna aliyegundua, macho yote yalikuwa kwenye ubapa wake. Mchoro hauna kosa. Nyota tano zimerudi, na samahani kwa fundi wa watu. Mkichapisha, pimeni ule mstari kabla hamjatoka steshenari.

Nilirudi dukani baada ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimejiandaa, nimeyapanga maneno kwenye daladala, nimebeba jivu kwenye bahasha, nimebeba ua la soli. Kaka hakuwepo kaunta. Alikuwepo binti, mdogo, sijui hata kama ana miaka ishirini. Nikauliza swali lile lile, neno kwa neno. Hakunijibu, akatoa wembe, akashusha gombo moja, akachanja ukingo akatazama, akalirudisha. Akachanja la pili. Akachovya kidole kwenye glasi yake ya maji, akaweka tone juu, tukalitazama wote wawili likizama. "Hii itakushikia nakshi, dada. Ila ina makovu ya kupe upande huu, kata kuanzia hapa." Akanipimia kuepuka makovu na hakunitoza sehemu mbaya. Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa tayari kufuta hasira yote na kulipa duka nyota nne.

Halafu mlango wa stoo ukafunguka, akatoka yeye, na simu yake. Akanitambua! Akatabasamu kabisa, kwa ukarimu: "Karibu tena dada. Vipi, fundi kasemaje?"

Maneno yote ya kwenye daladala yakapotea. Bahasha ya jivu iko mkononi. Ua liko kwenye mkoba. Na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kasema ngozi yako mbaya."

Kasema! Nimejitumikisha mwenyewe kwa fundi asiyekuwepo. Mpaka Temeke nilikuwa najitukana kimoyomoyo, kondakta akadhani sina nauli.

Kwa hiyo nyota. Mchoro tano. Ngozi ya kwanza sifuri kwa kuchonga, ingawa nimeishonea mikoba miwili na wateja wameipenda, basi nyota mbili, lakini zisihesabiwe kuwa zake. Ngozi ya pili nne, makovu yamepunguza moja. Yule binti mpeni zote. Duka zima nimeandika mbili, nikafuta, nikaandika tatu, nimefuta tena sasa hivi nikikumbuka lile tabasamu. Mkienda, chungulieni kwanza kaunta. Mkimkuta binti, ingieni. Mkimkuta kaka na simu yake, vukeni barabara mkanywe juisi ya miwa, mrudi baadaye.